NURU ISIYOFUATA METHALI YA KIBABA

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii twaisikia tangu utoto wetu, na maisha ya kila siku yatuthibitishia kwamba ni ya kweli. Mama wa mtaa wa Hewa Bora, hapa Lubumbashi, aweka faranga chache kila jioni ndani ya mkebe, na siku ya karo ikifika mtoto hafukuzwi shuleni. Tone likifuata tone, ndoo hujaa. Lakini katika viumbe vya Mungu kuna kimoja ambacho, kikigonga madini, hakiifuati methali hii hata kidogo. Na wataalamu walipokwisha kulitambua jambo hilo, elimu yote ya fizikia iligeuka. Kiumbe hicho ni nuru.

Wanafunzi wa darasa la sita la sekondari, hasa wa masomo ya sayansi, hukutana na habari hii chini ya majina mawili yanayotisha: athari ya fotoelektriki, na spektra za atomu. Wengi hukariri fomula usiku wa kuamkia Mtihani wa Serikali, huandika jibu, kisha husahau yote, kama mtu asahauvyo jina la mgeni aliyepita njia. Hasara hii si ndogo. Ni mahali pachache duniani ambapo somo hili lapaswa kueleweka kuliko hapa Katanga, kwa kuwa madini yanayosimuliwa katika vitabu hivyo yamo chini ya miguu yetu. Je, vijana wetu watabaki kuwa wachukuzi wa mawe ambayo siri zake wanazijua watu wengine tu? Basi, wasomaji wapenzi, na tulieleze jambo hili polepole, ili hata baba na mama ambao hawakupata kusoma fizikia waweze kulizungumza na watoto wao mezani.

FUMBO LA BAMBA LA ZINKI

Mwaka 1887 mtaalamu wa Ujerumani, Heinrich Hertz, alikuwa akichunguza mawimbi ya redio kwa kurusha cheche za umeme kati ya vipande viwili vya chuma. Akaona ajabu: cheche ziliruka kwa urahisi zaidi zilipomulikwa na miale ya urujuanimno, yaani miale iliyo ng'ambo ya rangi ya zambarau, ambayo jicho la mwanadamu haliwezi kuiona.

Mwaka uliofuata, 1888, Wilhelm Hallwachs alichukua bamba safi la zinki, akalitia umeme hasi, akaliunganisha na elektroskopu. Elektroskopu ni chombo chenye vijani vyepesi mno ambavyo hutanuka panapo umeme na kujifunga umeme ukiondoka. Alipolimulika bamba kwa miale ile isiyoonekana, vijani vilijifunga: umeme ulikuwa umetoroka. Alipolitia bamba umeme chanya, haukutoroka. Alipoweka kioo cha dirisha kati ya taa na bamba, kutoroka kulikoma, kwa maana kioo huzuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno.

Ni nini kilichotoroka? Jibu lilipatikana baada ya mwaka 1897, wakati J. J. Thomson wa Uingereza alipotambulisha elektroni, chembe ndogo sana zenye umeme hasi zilizomo katika kila atomu. Nuru ilikuwa ikizing'oa elektroni kutoka katika zinki.

Hapo ndipo fumbo lilipoanza. Wataalamu wa siku zile walifundisha kwamba nuru ni wimbi tu, kama wimbi la maji. Mawimbi madogo ya mto Kafubu yakiupiga ukingo siku nyingi, mwishowe udongo hubomoka. Kwa hiyo walitazamia kwamba hata nuru nyekundu, ikiwa kali na ikiachwa kwa muda mrefu, itazikusanyia elektroni nguvu haba na haba mpaka zitoke. Haikuwa hivyo. Nuru nyekundu haikung'oa elektroni hata moja kutoka katika zinki, ingawa taa ilikuwa kali namna gani. Bali miale hafifu ya urujuanimno ilizing'oa mara moja, bila kungoja. Tena Philipp Lenard alionyesha mwaka 1902 kwamba taa ikizidishwa ukali, elektroni zinazotoka huwa nyingi zaidi, lakini mbio ya kila moja haiongezeki. Methali ya kibaba ilikuwa imeshindwa.

MTOTO NA MWEMBE

Aliyelitegua fumbo hili ni Albert Einstein, mwaka 1905, akiwa kijana wa miaka 26, mwajiriwa wa ofisi ya hataza za uvumbuzi mjini Bern, Uswisi. Alichukua wazo ambalo Max Planck alikuwa amelitoa mwaka 1900, akalisukuma mbele: nuru huja kwa punje punje, na kila punje hubeba kipimo chake cha nguvu kisichogawanyika. Punje hiyo leo twaiita fotoni. Fotoni ya nuru nyekundu hubeba nguvu kidogo. Ya buluu hubeba zaidi. Ya zambarau zaidi tena. Na ya urujuanimno hupita zote hizo.

Tuchukue mfano ambao kila mtoto wa Lubumbashi aujua. Msimu wa maembe umefika, na embe moja limening'inia juu mtini. Watoto mia wanasimama chini ya mwembe na kulirushia punje za mahindi. Waache warushe kutwa nzima. Embe halitaanguka, kwa sababu kila punje ya mahindi hufika peke yake na nguvu yake haikitoshi kikonyo. Sasa aje mtoto mmoja na jiwe moja zito. Akilenga sawasawa, embe li chini mara moja. Jiwe likiwa zito zaidi ya ilivyohitajika, nguvu inayobaki baada ya kukikata kikonyo hulirusha embe mbali. Na wakija watoto kumi wenye mawe, yataanguka maembe mengi, lakini si kwamba kila embe litaruka mbali zaidi.

Hiyo ndiyo athari ya fotoelektriki. Embe ni elektroni. Kikonyo ni nguvu inayoishika elektroni ndani ya madini. Vitabu huiita kazi ya kutoa. Punje ya mahindi ni fotoni nyekundu. Jiwe ni fotoni ya urujuanimno. Wingi wa nuru ni hesabu ya warushaji. Rangi ya nuru ni uzito wa kila jiwe.

Na tusidhani kwamba warushaji ni wachache. Taa itoayo wati 1 ya nuru ya manjano hurusha kila sekunde fotoni zipatazo milioni tatu za milioni za milioni. Hata hivyo wingi huo wote hauwezi kuitoa elektroni moja katika zinki, ikiwa kila fotoni ni nyepesi mno.

Si wote waliomsadiki Einstein. Robert Millikan, wa Marekani, alifanya majaribio kwa miaka mingi akitumaini kuonyesha kwamba wazo hilo ni la uongo. Mwaka 1916 alitangaza matokeo yake: vipimo vyote vililingana na fomula ya Einstein. Hapo twapata mfano mwema wa unyofu, kwa maana mtu yule aliandika alichokiona, wala si alichokitamani. Einstein alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921, na kazi iliyotajwa waziwazi ilikuwa hii ya fotoelektriki.

HESABU NDOGO KWA WANAFUNZI

Enyi wanafunzi, chukueni kalamu. Nguvu ya fotoni hupimwa kwa kipimo kidogo kiitwacho elektroni-volti, na urefu wa wimbi lake kwa nanometa. Ili kuipata nguvu, gawanyeni 1,240 kwa urefu wa wimbi. Nuru nyekundu ya nanometa 620 ina fotoni za elektroni-volti 2. Miale ya urujuanimno ya nanometa 248 ina fotoni za elektroni-volti 5.

Kazi ya kutoa ya zinki ni kama elektroni-volti 4.3. Linganisheni sasa. Fotoni yenye 2 haifikii 4.3, basi hakuna elektroni itokayo, hata kama taa ni elfu moja. Fotoni yenye 5 yapita 4.3, basi elektroni yatoka, na salio la 0.7 ndilo nguvu kubwa kabisa ya mwendo iwezayo kuwa nayo. Mpaka wenyewe u wapi? Gawanyeni 1,240 kwa 4.3, mtapata karibu nanometa 288, iliyo ng'ambo ya macho yetu. Ndiyo sababu Hallwachs alihitaji miale isiyoonekana.

Mwanafunzi akiulizwa, "Nuru ikizidishwa ukali mara mbili, nguvu ya elektroni yaongezeka mara ngapi?" na akaukumbuka mwembe, hatanaswa. Atajibu: haiongezeki, idadi ndiyo inayoongezeka.

WAZAZI, YATUNZENI MACHO YA WATOTO

Mambo haya si ya mtihani tu. Karibu na njia nyingi za mji wetu wako mafundi wachomeleaji wa milango na madirisha ya chuma. Watoto hupenda kusimama na kuutazama mwali wa umeme, nao mafundi wengine hufanya kazi wakiwa wamevaa miwani ya jua tu, au hawana kinga yoyote.

Makaa mekundu ya mbabula hutoa joto jingi, lakini fotoni zake ni nyepesi, mfano wa zile punje za mahindi. Mwali wa kuchomelea hutoa pia fotoni za urujuanimno, mfano wa yale mawe, nazo huvunja vifungo vya kemikali katika ngozi laini iliyo mbele ya jicho. Mtu haoni maumivu palepale. Baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku, macho huwaka kana kwamba yametiwa mchanga, machozi hutiririka, na nuru ya taa haivumiliki. Kwa kawaida jeraha hupona baada ya siku moja au mbili, lakini kulirudia rudia ni kuyachezea macho, na macho hayana soko la kununulia mengine.

Basi fundi na avae kinyago chenye kioo cheusi cha kazi hiyo, wala asiache shingo na mikono wazi, kwa maana ngozi pia huungua. Mtoto na afundishwe kugeuza uso na kuondoka. Mtu aliyekwisha umia aende kituo cha afya, asitiwe dawa za kubahatisha jichoni.

KILA ATOMU NA SAHIHI YAKE

Tumeona nuru ikiingia katika madini na kuing'oa elektroni. Sasa tuitazame nuru ikitoka katika atomu, maana mambo haya mawili ni ndugu wa tumbo moja.

Mama apikaye anaweza kuliona jambo hili jikoni. Maji yenye chumvi yakimwagika juu ya mwali wa moto, mwali hugeuka manjano. Rangi hiyo ni ya sodiamu iliyomo katika chumvi. Nao wafanyao kazi ya shaba huona moto ukitoa rangi ya kijani. Hata vijana wachomao waya kuukuu ili wapate shaba ya kuuza huiona rangi hiyo. Lakini yafaa waonywe, kwa maana moshi wa plastiki ile ni sumu kwa mapafu yao na ya majirani, na katika mtaa uitwao Hewa Bora moshi wa namna hiyo haufai kabisa.

Kwa nini sodiamu hutoa manjano daima, na shaba kijani? Mwaka 1814 Joseph von Fraunhofer wa Bavaria, ambaye alikuwa mtoto yatima aliyewekwa kujifunza kazi ya vioo, alipitisha nuru ya jua katika mche wa kioo na kuona kwamba upinde wa rangi umekatwa na mistari myeusi mamia kadhaa. Mwaka 1859 Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff, mjini Heidelberg, walieleza maana yake: kila elementi ina mistari yake yenyewe, kama mtu alivyo na alama za vidole vyake. Ikiwa katika mwali, mistari hung'aa. Ikiwa ni mvuke ulio mbele ya nuru kali zaidi, mistari ileile huwa myeusi.

Tangu hapo mwanadamu aliweza kujua jua limeumbwa kwa nini, bila kulikaribia. Mwaka 1868 uligunduliwa katika nuru ya jua mstari wa manjano usio wa sodiamu. Elementi ile ngeni iliitwa heliamu, kwa jina la Kigiriki la jua, na haikupatikana duniani ila mwaka 1895, mikononi mwa William Ramsay, katika jiwe lenye urani.

Aliyeitafuta hesabu ya mistari ya hidrojeni ni mwalimu mwenzetu. Johann Jakob Balmer alikuwa akifundisha katika shule ya wasichana mjini Basel, Uswisi. Mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka 60, alipata fomula moja fupi iliyotoa mistari minne inayoonekana: nanometa 656, 486, 434 na 410. Alijua kwamba hesabu yalingana, lakini sababu yake haikujulikana bado.

Sababu aliitoa Niels Bohr wa Denmark mwaka 1913. Alisema kwamba elektroni ndani ya atomu yaweza kukaa katika ngazi fulani tu za nguvu, kama mtu apandaye ngazi: aweza kusimama kwenye kidato cha kwanza au cha pili, lakini hawezi kusimama hewani kati ya vidato. Elektroni ikishuka kutoka kidato cha juu hadi cha chini, hutoa fotoni moja yenye nguvu iliyo sawa kabisa na tofauti ya vidato viwili. Katika hidrojeni, kushuka kutoka kidato cha tatu hadi cha pili hutoa fotoni ya elektroni-volti 1.89, nao ndio mstari mwekundu wa nanometa 656. Elementi zote zina ngazi, lakini vidato havilingani. Kwa hiyo hata rangi hazilingani. Wanafizikia waliokuja baadaye waliusahihisha mfano wa Bohr katika mengi, lakini wazo la vidato limesimama mpaka leo.

KIPUSHI NA MLIMA MWEUSI

Sasa turudi kwetu. Mwendo wa kilomita kama 30 kutoka Lubumbashi, mpakani mwa Zambia, uko mgodi wa Kipushi, ulioanza kuchimbwa mwaka 1924 kwa jina la Prince Léopold. Ulisimama mwaka 1993, ukaanza tena kutoa madini mwaka 2024. Madini yake makuu ni zinki na shaba. Zinki ya bamba la Hallwachs, ambayo mwanafunzi aisoma kana kwamba ni kitu cha ughaibuni, yatoka hatua chache kutoka nyumbani kwake.

Lakini zinki haitembei peke yake. Mwaka 1875 mtaalamu wa Ufaransa, Lecoq de Boisbaudran, alikuwa akichunguza mawe ya zinki kutoka milima ya Pyrenees. Katika spektra yake akaona mistari miwili ya zambarau ambayo hakuna elementi iliyojulikana kuitoa. Kwa mistari hiyo miwili tu alitambua galiamu. Mwaka 1886 Clemens Winkler wa Ujerumani alipata germaniamu, ambayo Dmitri Mendeleev alikuwa ameitabiri miaka 15 kabla. Na mawe ya Kipushi yana germaniamu kwa kiasi kisicho cha kawaida, hata mwaka 1948 jiwe jipya lililotambuliwa huko, lenye shaba na germaniamu, lilipewa jina la renieriti, na jina hilo lasomwa katika vitabu vya madini duniani kote.

Germaniamu yahusuje nuru? Katika madini ya aina hii elektroni haihitaji kutolewa nje kabisa; yatosha kuinyanyua kutoka ngazi ya chini hadi ngazi ya juu ndani kwa ndani, ndipo itembee na kufanya umeme. Huyu ni ndugu wa athari ya fotoelektriki, naye ndiye afanyaye kazi katika paneli za jua zilizo juu ya mapaa yetu. Paneli za kawaida ni za silikoni, na kizingiti chake ni elektroni-volti 1.1. Ukiiweka paneli mbele ya makaa ya mbabula, itapata joto jingi lakini umeme karibu hakuna, kwa kuwa fotoni nyingi za makaa hazifiki 1.1. Kizingiti cha germaniamu ni kama 0.67 tu, kwa hiyo yaweza kuzitumia fotoni dhaifu ambazo silikoni haizitambui. Ndiyo maana hutumiwa katika paneli za setilaiti, katika vyombo vya kupokea nuru, na katika lenzi za kamera zionazo joto gizani.

Na mabaki meusi ya tanuri, yaliyorundikwa kando ya bomba kubwa la moshi mpaka yakawa mlima ambao kila mkaaji wa Lubumbashi aujua, yana germaniamu pia. Miaka mingi mlima ule ulitazamwa kama taka. Mwezi wa Agosti 2023 China iliweka masharti juu ya kuuza nje galiamu na germaniamu, na dunia ikaanza kuzitafuta kwingineko. Mwaka 2024 kampuni ya STL, iliyo chini ya Gécamines, ilipeleka Ubelgiji shehena yake ya kwanza ya madini yenye germaniamu yaliyotoka katika mabaki hayo.

Babu zetu waliyeyusha malakiti kwa mikono yao na kumimina misalaba ya shaba iliyosafiri mbali kwa biashara. Askofu de Hemptinne aliandika habari za wafua shaba hao, na maandishi yake yalichapishwa mwaka 1926 kwa jina la walaji wa shaba. Hawakuwa wachukuzi wa mawe. Walikuwa mabwana wa moto na wa kazi yao. Kijana wa leo hatawafuata kwa kubeba gunia. Atawafuata kwa kujua kwa nini gramu moja ya jiwe fulani yathaminiwa kuliko gunia zima la jingine.

MAABARA KATIKA SANDUKU LA KARATASI

Twajua shule nyingi hazina taa ya urujuanimno wala elektroskopu. Hata hivyo mwalimu na mzazi waweza kufanya mengi kwa gharama ndogo.

Jaribio la kwanza: noti ya dola. Ukimulika noti halisi ya dola 100 kwa taa ndogo ya urujuanimno, kama ile itumiwayo kupimia noti, uzi uliomo ndani hung'aa kwa rangi ya waridi. Mulika noti ileile kwa taa nyekundu, kali uwezavyo: uzi haung'ai. Fotoni nyekundu hazifiki kidato. Taa hiyo isielekezwe machoni.

Jaribio la pili: sanduku la spektra. Twaa sanduku la viatu, kata upande mmoja ufa mwembamba kama ukucha, na upande wa pili weka kipande cha diski ya muziki iliyoharibika, kikiwa kimeinama. Toboa tundu la kuchungulia juu ya diski. Elekeza ufa kwenye mshumaa: utaona rangi zote zikifuatana bila kukatika. Elekeza kwenye taa ndefu ya neoni ya dukani: utaona mistari iliyoachana, mmoja wa kijani wa nanometa 546 na mmoja wa buluu wa nanometa 436. Hiyo ni sahihi ya zebaki iliyomo ndani ya taa. Usielekeze sanduku hili kwenye jua wala kwenye mwali wa kuchomelea, kamwe.

Jaribio la tatu, mtu mzima akiwapo: chovya ncha ya waya wa chuma katika maji ya chumvi, uitie katika mwali wa spiriti, nawe utazame katika sanduku. Mstari wa manjano wa nanometa 589 utatokea. Mtoto aliyeuona kwa macho yake hahitaji kuukariri.

NURU NA IMANI

Wako wazazi waogopao kwamba mtoto akizama katika fizikia ataipoteza dini. Na wamkumbuke Padre Angelo Secchi, Mjesuiti wa Roma, aliyeishi tangu 1818 hadi 1878. Alikuwa na darubini yake juu ya kanisa la Mtakatifu Ignasi, na alikuwa wa kwanza kuzipanga nyota, zaidi ya 4,000, katika makundi kwa kufuata spektra zake. Na wamkumbuke Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Louvain. Mwaka 1927 alionyesha kwamba ulimwengu wapanuka, akitegemea mistari ya spektra za makundi ya nyota ya mbali, ambayo imesogea upande wa nyekundu. Wote wawili walikuwa mapadre na wanasayansi, wala hawakuona kwamba kazi moja yaifukuza nyingine. Ukurasa wa kwanza wa Biblia wataja nuru miongoni mwa kazi za awali za Muumba. Aichunguzaye nuru kwa unyenyekevu achunguza kazi ya mikono hiyo.

Chuo Kikuu kilifunguliwa mjini kwetu mwaka 1956. Njia ya kukifikia ni ndefu kwa mtoto wa maskini, na hapo methali yetu yarudi kuwa ya kweli: nuru yahitaji punje moja iliyo kamili, lakini elimu hujaa haba na haba. Mzazi asiye na fedha za maabara aweza kutoa sanduku la viatu, saa moja ya jioni, na swali moja: "Mwanangu, leo umejifunza nini? Nionyeshe." Naye mwanafunzi asiridhike na fomula mpaka aweze kumweleza mama yake, kwa mfano wa mwembe, kwa nini punje mia za mahindi hazikuliangusha embe na jiwe moja likaliangusha.